Kanuni Inayokagua Wengine Ikaguliwe Kwanza

(Hotuba iliyotolewa bwaloni wakati wa Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa vidato vyote.)



Kamati iliniomba niwaeleze kazi ninayoifanya, ikanisihi pia nisije nikasema mambo ya kompyuta hadi chakula kikapoa. Nitajitahidi kutii amri zote mbili.

Kazi yangu ni kukagua programu za kompyuta zinazotunza hesabu za vyama vya akiba na mikopo. Lakini nitaanza na jambo ambalo kila aliyemo ndani ya bwalo hili analijua, nalo ni karatasi ya kiranja ya majina ya wapiga kelele.

Wote tunawafahamu viranja wa aina mbili waliotutesa. Wa kwanza aliandika jina la kila aliyefungua mdomo, hata yule aliyeomba rula kwa jirani yake. Baada ya wiki moja hakuna aliyemjali, kwa sababu mkosaji na asiye na kosa waliandikwa pamoja. Wa pili hakumwandika mtu. Mwalimu wa zamu alipokea karatasi tupu, akaamini kwamba darasa lilisoma kimya usiku kucha. Ninyi mniambie, kati ya hao wawili, ni yupi aliyelidhuru darasa zaidi? Mimi najibu kwamba ni wa pili. Karatasi tupu ya kiranja asiyejua kazi inafanana kabisa na karatasi tupu ya darasa lenye nidhamu.

Hilo ndilo neno langu la leo. Ukitunga kanuni ya kukagua kazi ya wengine, ijaribu kanuni hiyo kabla hujaipa karatasi na kalamu.

MKAGUZI WA MSIMBO NI NINI

Programu ya kompyuta ni maandishi. Mtu huyaandika, na kwa kuwa ni mtu, hukosea. Tangu miaka ya sabini wataalamu wametengeneza programu nyingine ambazo kazi yake ni kuyasoma maandishi hayo na kuonyesha mahali penye mashaka, bila hata kuiendesha programu yenyewe. Iliyotangulia kupata jina ni lint, aliyoitengeneza Stephen C. Johnson katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, na taarifa yake inayojulikana sana ni ya mwaka 1978. Neno hilo kwa Kiingereza ni zile nyuzinyuzi zinazong'ang'ania nguo. Mkaguzi huyu anazitoa moja moja.

Msidhani kwamba nyuzi hizo ni mambo madogo. Mwezi Februari mwaka 2014 kampuni ya Apple ililazimika kutoa marekebisho ya haraka kwa sababu mstari mmoja wenye maneno mawili, goto fail, uliandikwa mara mbili. Mstari wa pili uliifanya programu iruke hatua ya kuhakikisha kwamba mtandao unaozungumza naye ni ule wa kweli. Mwaka 2016 kikusanyi cha GCC, toleo la 6, kiliongezewa onyo kuhusu mistari iliyopangwa kwa namna inayomdanganya msomaji, na kosa la aina hiyo ni miongoni mwa yale linaloyaona.

KWA NINI TUTUNGE KANUNI ZETU

Wakaguzi hawa huja na kanuni za jumla. Lakini kila ofisi ina mambo yake. Katika hesabu za akiba jambo letu kubwa ni hili: fedha zisihesabiwe kwa namba za aina iitwayo float.

Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, sikilizeni kisa chake. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu 0 na 1 tu. Kama ninyi msivyoweza kuandika theluthi moja kwa desimali mkafika mwisho, ndivyo kompyuta isivyoweza kuandika 0.1 kwa tarakimu zake ikafika mwisho. Inakata mahali fulani. Chukua lugha ya Python, jumlisha 0.1 mara 10, moja baada ya nyingine kwa alama ya kujumlisha. Hupati 1. Unapata 0.9999999999999999. Sasa iambie kompyuta iondoe desimali ibakize namba nzima. Itakupa 0. Umeweka senti 10 mara 10, na shilingi yako imepotea bila mwizi.

Dawa yake ipo. Python ina aina ya namba iitwayo Decimal, inayotunza desimali kama tunavyoziandika sisi kwenye karatasi. Kwa hiyo kanuni yetu ya ofisini inasema kwamba mahali penye fedha pasitumike float, itumike Decimal. Kanuni hiyo hatuwezi kuitegemea kumbukumbu ya binadamu aliyechoka saa kumi jioni. Tunamwachia mkaguzi. Sisi tunatumia mkaguzi aitwaye Semgrep, ambaye humruhusu mtu kuandika kanuni zake mwenyewe katika faili dogo.

KANUNI ILIYONYAMAZA

Nipo tayari kuwaeleza kisa kimoja, ila chama chenyewe sitakitaja.

Mweka hazina wa chama hicho alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwaminifu. Kila mwisho wa mwezi vitabu vyake na hesabu za kompyuta vilipishana kwa shilingi chache. Si fedha za kumjengea mtu nyumba. Lakini nanyi mnajua mambo ya vyama, shilingi chache kila mwezi zinatosha kumfanya mtu asalimiwe kwa jicho la upande. Kamati ilimwita mara mbili kumhoji. Mafundi waliulizwa, wakajibu kwa kujiamini kwamba programu ni safi, kwa kuwa ofisi ina kanuni inayokataza float na mkaguzi hupita kila siku bila kuandika jina la mtu.

Nilipopewa kazi ya kuangalia, sikuanza na programu. Nilianza na kanuni. Iliagiza hivi: kamata float yoyote iliyowekewa kitu ambacho jina lake lina neno salio, kiasi au riba. Maneno yenyewe yaliandikwa (salio|kiasi|riba). Nikaandika mistari minne ya majaribio. Mkaguzi akaikamata float(salio). Lakini float(jumla_ya_salio) ikampita kimya kimya.

Sababu ilikuwa ndogo sana. Katika Semgrep, sharti la aina hiyo huanza kusoma jina kutoka herufi ya kwanza. Neno jumla_ya_salio halianzi na salio, basi halimhusu. Anayetaka neno hilo likamatwe popote lilipo ndani ya jina sharti atangulize nukta na nyota, yaani .*(salio|kiasi|riba). Alama mbili tu. Tulipoziongeza, mkaguzi aliandika majina ya kutosha, na miongoni mwake ulikuwamo mstari uliokuwa ukizila shilingi za chama.

Mama yule aliitwa mbele ya kamati mara ya tatu. Safari hiyo hakuhojiwa, alielezwa.

Ndugu zangu, kanuni ile haikuwa mbaya kwa nia. Aliyeitunga alitaka mema. Kilichokosekana ni mtu wa kuiuliza: je, unawaona wote unaopaswa kuwaona?

JINSI YA KUIJARIBU

Sasa nitaeleza utaratibu wenyewe. Wahariri wataichapa mistari hii kwenye jarida ili anayetaka aifuate. Kazi yote hufanyika katika mstari wa amri, yaani ile skrini ambamo huandika amri kwa herufi badala ya kubofya vipicha kwa kipanya. Nasisitiza njia hii kwa sababu amri iliyoandikwa inaweza kurudiwa kesho vile vile, na mtu mwingine, mjini au wilayani, akapata jibu lile lile. Kubofya hakuachi kumbukumbu.

Hatua ya kwanza ni kujaribu wazo kabla ya kuandika kanuni. Andika:

semgrep -e 'float($X)' --lang python fedha.py

Hapo $X maana yake ni kitu chochote. Angalieni sana alama za nukuu. Ni nukuu moja moja. Ukitumia nukuu mbili mbili, mstari wa amri wenyewe utadhani $X ni jina la kitu chake. Kwa kuwa hana kitu cha jina hilo, atalifuta. Mkaguzi atapokea float() tupu, atatafuta float isiyo na kitu ndani, hataiona, naye atakuletea karatasi safi. Huo ni mfano mwingine wa kiranja wa pili.

Hatua ya pili ni kuandika kanuni yenyewe katika faili, tuseme fedha.yaml ndani ya folda iitwayo kanuni, na kuipa jina, kwa mfano fedha-bila-float. Kisha ihakikishe maandishi yake:

semgrep --validate --config kanuni/fedha.yaml

Amri hii inakuambia kama kanuni imeandikwa sawasawa. Haikuambii kama ina akili. Mtu anaweza kuandika sentensi isiyo na kosa la sarufi na bado akasema uongo.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa hotuba hii. Pembeni ya kanuni weka faili la majaribio lenye jina lile lile, yaani fedha.py. Juu ya kila mstari sema mapema hukumu unayoitarajia:

# ruleid: fedha-bila-float
a = float(salio)
# ruleid: fedha-bila-float
b = float(jumla_ya_salio)
# ok: fedha-bila-float
c = float(urefu)
# ok: fedha-bila-float
d = Decimal(salio)

Neno ruleid maana yake ni: hapa mkaguzi lazima apige kelele. Neno ok maana yake ni: hapa lazima anyamaze. Halafu andika:

semgrep --test kanuni/

Atakujibu kama hukumu zote zimelingana, na kama hazikulingana atakutajia mistari aliyoiacha na mistari aliyoionea. Tazameni kwamba nimeweka wenye hatia wawili na wasio na hatia wawili. Ukiweka wenye hatia peke yao, kanuni inayokamata kila kitu itafaulu mtihani. Ukiweka wasio na hatia peke yao, kanuni isiyofanya lolote itapata mia kwa mia. Wenzetu wanaotumia ESLint kwa lugha ya JavaScript wana utaratibu wa namna hiyo hiyo: chombo chao cha kujaribia kanuni kinataka orodha mbili, ya mifano halali na ya mifano haramu.

Hatua ya nne ni kuiharibu kanuni kwa makusudi. Ondoa ile nukta na nyota, endesha jaribio tena. Likishindwa, vema, maana jaribio lako lina meno. Likifaulu wakati kanuni imeharibika, basi jaribio ndilo bovu, na ulikuwa ukijifurahisha tu.

Hatua ya tano ni kufikiri kama mkosaji. Je, hakuna njia nyingine ya kuingiza float? Ipo. Mtu anaweza kuandika map(float, orodha_ya_viasi), na hapo hakuna float yenye mabano yake, kwa hiyo kanuni yetu haimwoni. Basi liongeze hilo kwenye majaribio kwanza, lione likishindwa, ndipo urekebishe kanuni. Na kuna ujanja wa pili: Decimal(0.1) bila nukuu. Mtu huyo ametii kwa mdomo, lakini 0.1 yake imekwisha kuwa float kabla haijafika kwa Decimal, imekuja na ugonjwa wake. Ilipaswa kuwa Decimal("0.1"). Kama leo huna muda wa kutunga kanuni ya kuuona ujanja huo, uandike kwenye faili la majaribio kwa alama ya todoruleid, yaani hapa palipaswa kukamatwa, bado hatujaweza. Deni lililoandikwa si aibu. Aibu ni deni lililofichwa.

KANUNI NA WATU

Kanuni ikishafaulu, usikimbilie kuwafungia watu mlango. Ipitishe kwanza juu ya programu zote za zamani bila kumzuia mtu, kisha keti usome majina yote iliyoyaandika. Utakuta imewaonea baadhi. Kila aliyeonewa mpeleke kwenye faili la majaribio chini ya alama ya ok, kisha rekebisha kanuni. Hivyo faili lile linakuwa kama kumbukumbu za baraza: kila kesi iliyowahi kuamuliwa imo, na mtungaji wa kesho hawezi kuigeuza bila kujua.

Nawaambieni kwa nini jambo hili ni zito. Semgrep ina njia ya kumnyamazisha mkaguzi: fundi huandika # nosemgrep mwishoni mwa mstari, mkaguzi akapita. Njia hiyo ina haki yake. Lakini kanuni ikiwaonea watu mara kwa mara, mafundi watazoea kuiandika bila kusoma, na siku kosa la kweli litakapokuja nalo litanyamazishwa pamoja na mengine. Kanuni dhalimu haimdhuru anayeonewa peke yake. Inamharibu hata mlinzi.

Aidha, kanuni iseme njia. Ujumbe usemao "kosa mstari wa 12" ni wa mgambo. Ujumbe usemao "hizi ni fedha, tumia Decimal, na namba iwe ndani ya nukuu" ni wa mwalimu.

Jambo la mwisho la kiufundi. Programu inapomaliza kazi huacha nyuma yake namba moja, ambayo unaweza kuiona kwa kuandika echo $? papo hapo. Sifuri maana yake ni salama. Mitambo inayoruhusu programu mpya iingie kazini husoma namba hiyo. Maandishi mekundu kwenye skrini haiyasomi. Na Semgrep ikiendeshwa kwa amri yake ya kawaida ya ukaguzi huacha sifuri hata kama imeandika majina mia, mpaka uiongezee neno --error. Kwa hiyo jaribu na mlango pia. Peleka kosa unalolijua, utazame kama mlango unafungwa. Mlinzi anayepiga kelele huku geti li wazi hajalinda kitu.

KWA WADOGO ZANGU

Najua mtasema kwamba kompyuta za shule hazitoshi. Ni kweli, na kaka zenu mliokaa safu za mbele mmesikia, tutalizungumza kwenye kikao cha mchana. Lakini sehemu kubwa ya kazi niliyoieleza haihitaji umeme. Chukueni karatasi, pigeni mstari katikati. Upande mmoja andikeni mambo ambayo kanuni lazima iyakamate, upande wa pili mambo ambayo lazima iyaache. Fanyeni hivyo hata kwa kanuni za bweni lenu. Mtashangaa jinsi kanuni inayosikika vizuri paredi inavyoanguka ikikutana na mfano wa tano. Mkishapata kompyuta moja yenye mkaguzi huyu, kanuni zilizo kwenye faili lenu zitajaribiwa hapo hapo bila intaneti.

Na wako miongoni mwenu watakaokuwa mahakimu, wakaguzi wa hesabu, wakuu wa shule na watunga sheria. Hamtaandika Python. Lakini mtaandika kanuni, na kanuni zenu zitawapata watu ambao hawapo chumbani mnapoziandika, kama yule mama mweka hazina. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Basi kabla ya kuurusha, mtungaji auonje yeye kwanza. Aulize maswali mawili tu: ni nani mwenye hatia atakayenipita, na ni nani asiye na hatia nitakayemkamata? Akishindwa kutaja hata mfano mmoja wa kila upande, kanuni yake haijaiva.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wananitazama. Kwa wale wa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kuiona kazi hii kwa macho, kompyuta yangu ninayo, na baada ya chakula nitakuwa maktaba. Njooni na karatasi zenu zenye pande mbili zikiwa zimejazwa. Atakayeniletea mfano utakaoiangusha kanuni yangu, jina lake nitaliandika ndani ya faili la majaribio, libaki humo.